Kitambaa cha Bitutu

Mokeira alikuwa akichorea chuo kimoja cha uuguzi mjini Kisii picha za mwili wa binadamu, na kazi hiyo ilikuwa imemkausha moyo. Alijua fika kwamba michoro ya kale aliyojifunzia ilitokana na maiti za walionyongwa na maskini wasio na wa kuwazika. Hakuna aliyewaomba ruhusa. Wala yeye hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili yao.

Alichotamani kuchora kuliko vyote ni kichwa cha mama yake. Bitutu, mchuma chai wa Itumbe, alipasuliwa fuvu ujanani na omobari, mganga wa kienyeji wa vichwa, maumivu yalipokataa dawa zote. Alipona, lakini tangu hapo hakuvua kitambaa chake cha kijani mbele ya mtu. Binti alipomsihi alijibiwa kwa upole:

"Nichore uso, mwanangu. Hapo juu ni pangu."

Mokeira akasema uso utachorwa tu, siku zipo.

Siku zikaisha. Katika chumba cha maiti, wanawake wa ukoo walipomaliza kumwosha na kumvika Bitutu, mama mdogo Nyaboke alimwomba Mokeira achore uso huo upesi, wauweke mbele ya waombolezaji, kwani marehemu alikimbia kamera maisha yake yote na alikataza jeneza lake lifunguliwe. Wakamwachia nafasi.

Mokeira akafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imebonyea juu ya pengo la mfupa, na ukingo wake ulikuwa umepona vizuri ajabu. Akachora pengo, akachora ukingo, akachora kila kovu. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo baya kuliko yote. Waliporudi kufunga jeneza, alikuwa amekirudisha kitambaa kichwani, lakini chini ya paji la uso karatasi ilikuwa bado nyeupe.

Usiku kucha alijaribu kuukumbuka uso. Kila alipoinua kalamu ulimjia ule wa michoro ya chuoni, mtulivu, usio wa mtu yeyote. Mwishowe akauchora huo huo, na juu ya pengo akapaka kitambaa cha kijani mpaka likafichika.

Kwenye mazishi watu walitikisa kichwa kwa huzuni wakasema ni Bitutu kabisa. Nyaboke peke yake alisogea karibu, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Kitambaa ni chake," alisema taratibu. "Na huyu aliyekivaa ni nani?"

Mokeira aligeuka kulitafuta jeneza. Kaburini walikuwa wameshaanza kufukia.