Ndoo kwa Kila Kilo

Siku ya kwanza Ikran kutaja kilo za mbuzi mbele ya watu, alisema ishirini. Mbuzi akachinjwa, akachunwa, akatundikwa, na mshale wa mizani ukatulia kwenye kumi na moja. Soko la mifugo la Nanyuki lilicheka hadi punda wakageuka kutazama kuna nini.

"Ishirini!" muuza kondoo mmoja alisema akijifuta machozi. "Hiyo miwani yako inapima ama inazidisha?"

Tangu hapo jina likamganda. Ishirini amekuja. Ishirini, salimia mama. Lakini kilichomuuma si jina. Kilichomuuma ni kwamba aliyecheka kuliko wote alikuwa kaka yake, Yahye.

Sasa, huyo Yahye alikuwa na jicho. Akiwa na miaka saba, amekaa mabegani mwa baba yao, Mzee Muse, alimnyooshea kidole beberu mwekundu akasema, "Kumi na nne," na mizani ikasema kumi na nne. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyejisumbua kumfundisha kitu, maana ungemfundisha nini? Sifa zake zilivuka Timau zikashuka mpaka Isiolo. Alipopatia, watu walirudia habari hiyo mwezi mzima. Alipokosea, mizani ilikuwa mbovu.

Ikran naye alipewa macho ya kawaida tu, na hata hayo yakaongezewa vioo darasa la tano.

Kesho yake, badala ya kujifungia nyumbani kama watu walivyotarajia, alienda kichinjioni nyuma ya soko akamtafuta Waithira, mama aliyekuwa akiosha na kuuza matumbo pale kwa miaka kumi na minane. Akamwomba amruhusu kushika kila mbuzi kabla ya kuchinjwa, na kusimama karibu na mizani baadaye.

Waithira alimtazama, kisha akatazama bomba la maji lililokuwa kule ng'ambo ya uwanja.

"Shika vile unataka, mami. Lakini kila kilo unakosea, unaniletea ndoo moja ya maji."

"Na nikikosea nusu kilo?"

"Nusu ndoo. Mimi siibii mtu."

Hivyo ndivyo kichinjio kile kilivyopata kuwa safi. Mwaka wa kwanza Ikran aliteka maji mpaka sakafu ikaonyesha rangi ambayo hata aliyeijenga alikuwa ameisahau. Ndungu, mshika mizani, mtu wa utani na watoto wanne, alimsihi asijifunze haraka. "Polepole, dada. Jana nimeosha viatu vya gambuti mara mbili. Hii maisha sikuwa nimeizoea."

Kila mbuzi alimfundisha jambo, na karo ikawa shingo yake, maana ndoo alizibeba kichwani. Mwenye manyoya mengi alimdanganya ndoo nne. Kizee chenye mifupa mizito, ndoo tatu. Yule aliyelishwa chumvi usiku na kunyweshwa maji asubuhi ili aonekane mnono, tumbo likajaa kama la mwenyekiti wa kamati, alimpiga ndoo saba kwa mkupuo mmoja, na wiki nzima Ikran alikuwa akigeuka mwili mzima ili kutazama kando. Huyo hakumsahau. Aliwatafuta tena na tena wengine wa namna yake, akawashika mgongo, kiuno, kidari, akawanyanyua kidogo kutoka chini, akakosea, akateka maji, akarudi.

Mwaka wa tatu Waithira alianza kulalamika. "Huyu msichana ananinyanyasa. Wiki mbili hajaniletea hata kikombe!"

Huko sokoni hakuna aliyejua. Kwao alikuwa Ishirini.

Kisha goti la Mzee Muse likagoma. Na goti hilo lilikuwa limebeba kazi: kila Jumanne Mzee Wamae, mwenye bucha pale Gatitu, alimpigia simu kuuliza mbuzi fulani ana nyama kilo ngapi, na Mzee Muse akisema, imekwisha, Wamae ananunua bila kuona hata mkia. Neno la Muse lilikuwa biashara yenyewe. Sasa lilihitaji mdomo mwingine. Asubuhi moja, chai ikiwa mezani, mzee alitangaza: fimbo yake ya sokoni itachukuliwa na Yahye. Ikran ataenda Isiolo kwa shangazi yao Batula, kuuza madera.

Ikran aliweka kikombe chini.

"Nataka tupimwe, mimi na Yahye."

"Wewe ukapimwe macho," Yahye alisema bila kuinua uso kutoka kwenye simu.

"Ikran, usijiaibishe," baba yake alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Aabo, mimi nilishaaibika zamani. Iliisha yote siku moja. Sahii sina aibu imebaki ya kunizuia."

Mzee Wamae aliposikia, alikubali haraka. Mtu wa Gatitu hapewi sinema ya bure akaikataa. Jumanne iliyofuata alifika na pikapu yake, akazunguka soko, akachagua mbuzi watatu kwa wauzaji watatu.

"Mimi sitaki hadithi, nataka kiro," alitangaza. "Ule atakosea kidogo kwa zote tatu, ndiye nitakuwa nikipigia simu. Ule mwingine asininunie."

Yahye alipita mbele ya mbuzi hao kama mkaguzi wa gwaride, mikono mfukoni. "Kumi na mbili. Kumi na tano. Na huyu mweupe, kumi na nane." Alichukua muda wa kupiga chafya. Watu wakapiga makofi.

Ikran alipiga magoti kwenye vumbi. Alishika wa kwanza kuanzia shingoni hadi mkiani: "Kumi na mbili." Wa pili alimshika mara mbili: "Kumi na nne na nusu." Halafu mweupe. Kweli alikuwa mbuzi wa kutazamwa, kifua mbele, tumbo limevimba pande zote mbili. Ikran alitandaza vidole kiunoni, akasikia uti wa mgongo umechongoka chini ya manyoya kama ukingo wa bati. Akamkumbatia, akamnyanyua. Mbuzi alipanda, kisha, nukta moja baadaye, uzito ukafika. Ulichelewa. Nyama haichelewi, nyama hupanda pamoja na mbuzi. Kinachochelewa ni maji.

Shingo yake ilimkumbuka yule mbuzi wa ndoo saba kabla ya kichwa chake.

Alijua la kusema, na alijua watakavyocheka. Aliwaza kwa muda mfupi kusema kumi na sita, namba ya heshima, namba ambayo ukishindwa nayo hukumbukwi. Angeenda Isiolo kimya kimya, angeuza madera, na baada ya miaka miwili jina lingefutika. Akamwona Yahye akimkonyeza rafiki yake.

"Kumi na tatu," alisema.

Kicheko kilianzia kwa wauza kondoo kikafika barabarani. "Zamani alizidisha, sasa anatoa!" Mzee Muse alijifunika uso kwa mkono. Yahye aliinama akamsaidia dada yake kusimama, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Wote wakahamia kichinjioni. Mbuzi wa kwanza akatundikwa. Ndungu akasoma, "Kumi na mbili." Wote wawili wamepatia. Wa pili: "Kumi na tano." Yahye akanyoosha mikono kwa umati kama mwanasiasa. Alikuwa mbele kwa nusu kilo, na aliyebaki ni mweupe peke yake.

Waithira ndiye aliyepasua tumbo la mweupe. Maji yalitoka kama bomba limekatika, yakajaa viatu vyake, yakafuata viatu vya Mzee Wamae.

"Ngai!" Wamae aliruka. "Hii ni mbuzi ama ni tangi?"

Ndungu alitundika kilichobaki. Alisubiri mshale utulie. Alipangusa kioo cha mizani kwa kiwiko, akasoma tena kimoyomoyo, ndipo akasema kwa sauti, "Kumi na tatu."

Muuza kondoo alisogea mbele akausoma mshale mwenyewe.

"Hiyo mizani iko na shida," Yahye alisema.

"Ati shida?" Waithira aligeuka, kisu mkononi, maji yakilia ndani ya viatu. "Ilikuwa sawa ikisema kumi na tano yako. Imekuwa mgonjwa saa ngapi?"

Wamae alikuwa tayari ameingiza namba ya Ikran kwenye simu yake. Mzee Muse alikuja akichechemea, macho yamelowa, akamnyooshea binti yake fimbo.

"Kumbe na wewe unacho," alisema. "Kipaji cha familia. Kilikuwa kimejificha tu."

Ikran alikuwa amevumilia Ishirini miaka mitatu bila kujibu. Hili hakulivumilia.

"Hapana, Aabo. Usiite kipaji." Aliipokea fimbo, akamnyooshea nayo kaka yake. "Yahye ndiye alipewa. Mimi sikupewa kitu. Muulize anti Waithira nilipata wapi. Niliteka maji hapa mpaka nywele zikakatika utosini. Hii ni yangu. Usimpe mtu mwingine sifa yake, hata damu yetu."

Waithira alijikohoza. Kwa ncha ya kiatu chake kilicholowa alisukuma ndoo tupu hadi mbele ya Yahye.

"Kilo tano, kijana. Na bomba ni ile kule."

Yahye aliitazama ndoo, akalitazama bomba, akaupima umbali kwa lile jicho lake maarufu.

Ikran alikwisha kuinama. Alichukua ndoo nyingine, akairudisha fimbo mikononi mwa baba yake.

"Nishikie kwanza, Aabo. Yule mbuzi wa pili, niko na deni la nusu ndoo."