Hortansia ya Mama Mukagasana

Mama yangu, Mukagasana, alikuwa na hortansia moja, kichaka cha maua ya buluu, mbele ya nyumba aliyopanga mtaa wa Himbi. Wageni waliijua nyumba kwa maua hayo kuliko kwa namba. Alipofariki, mwezi wa sita, mwenye nyumba alitaka nyumba yake. Vyombo niligawa. Hortansia sikuigawa. Nilikata matawi manne, nikayafunga katika kitambaa chenye maji, nikapanda pikipiki mpaka kwangu, mtaa wa Ndosho, nikiwa nimeyakumbatia.

Kwangu ni mawe matupu ya volkano. Anayetaka kupanda hata kitunguu huanza kwa kuvunja mwamba na nondo, kisha anatafuta udongo wa kuletwa kwa mifuko. Nilivunja siku tatu, nikapata shimo la kuingia sufuria kubwa ya matanga, nikalijaza udongo. Matawi mawili yalikauka, mawili yakashika.

Hapo nikafanya haraka ya kuahidi. Mama mdogo Micheline, mdogo wa marehemu, anayekaa Kiwanja, upande wa Rutshuru, alinipigia simu kuuliza habari za misa ya mwaka mmoja. Nikamwambia kwamba siku hiyo tutaweka kaburini maua ya buluu ya Mama mwenyewe, si ya plastiki. Akasema atawaambia ndugu wote wa Rutshuru. Na aliwaambia kweli.

Basi nikaitunza ile hortansia kuliko nilivyojitunza. Asubuhi maji, mchana kivuli cha kitenge kikuukuu, jioni majivu ya mbabula, jiko langu la makaa, maana Mama alimwagia mboga zake za lengalenga majivu na zilinenepa. Hortansia nayo ikanenepa. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ikatoa vichwa viwili. Nikaita majirani waje kuona, vikafunguka mbele yao: rangi ya rozi, waridi hafifu, kama gauni la ubatizo.

Nililia kidogo nyuma ya choo, kisha nikaenda kumwita Papa Kamate, mzee wa Butembo anayetunza bustani ya parokia yetu. Alizunguka shimo mara mbili, akachukua udongo, akaunusa, akauliza nimekuwa nikiweka nini. Nikamweleza yote, pamoja na majivu.

"Mama Olive," akasema, "lengalenga inapenda majivu. Lakini hortansia ya buluu, ukiipa majivu, inageuka rozi. Hii ni muti ileile ya mama yako. Ni weye uliibadilisha nguo."

Nikamwuliza kama buluu itarudi kabla ya misa. Akasema mti hausomi kalenda. Alinionyesha jinsi ya kutoa udongo wa juu, kuweka ule wa milima ya Masisi, na kuufunika kwa majani yaliyooza ya misindano, yaani misonobari. Akaongeza majani ya chai iliyokwisha kunywewa. Miezi ile tulikunywa chai mpaka watoto wakaomba maji. Kila Jumapili Papa Kamate alikuja kukagua, na majirani wakamfuata. Jirani mmoja alizoea kuniuliza mgonjwa ameamkaje, na kama daktari amemruhusu kutoka.

Wiki ya misa vichwa vinne vilifunguka. Kimoja kilikuwa buluu pembeni na rozi katikati, viwili zambarau, na cha nne kilikuwa rozi tupu, bila aibu yoyote. Nilivitazama muda mrefu. Nikavikata vyote, nikavifunga na uzi, nikaenda.

Makaburini Mama mdogo Micheline alikuwa amesimama mbele, ndugu wa Rutshuru wote nyuma yake wakingoja buluu. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba niliharibu, na jinsi nilivyoharibu. Alichukua maua, akayageuzageuza. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Harusi yangu ilipokaribia," akasema, "mama yako alizunguka soko la Birere siku nzima kutafuta kitenge kimoja. Akarudi na vitatu. Buluu, rozi na zambarau. Tukamwambia achague. Akavivaa vyote vitatu, na joto lile."

Watu wakacheka pale kaburini, hata padri. Mama mdogo aliweka maua mwenyewe, kile cha rozi tupu kikiwa juu. Kisha shemeji mmoja akakumbuka habari ya Mama na mbuzi wa jirani, na mwingine akasema si hivyo ilivyokuwa, yeye alikuwepo. Tuliendelea hivyo, tukikatizana, mpaka mlinzi wa makaburi akaja kutuambia kwa heshima kwamba anataka kufunga.