Vitambaa Vitatu vya Mzee Leodegar

Avelina alikuwa amedharau wanaume wengi katika umri wake mdogo, lakini hakuna aliyemchosha kama baba yake alipokuwa akifundisha Kijerumani. Mzee Leodegar alikuwa mwalimu wa shule ya serikali enzi za Mjerumani. Mwingereza alipoingia alimwambia ajifunze Kiingereza ndipo aendelee na kazi, naye akajibu kwamba lugha yenye "the" moja kwa kila kitu ni lugha ya watu wavivu. Kazi akaikosa. Tangu hapo alilima mihogo huko Kinondoni, akilala na kuamka na tumaini moja tu, kwamba Mjerumani atarudi. Miaka ile ya thelathini, uvumi huo ulipoanza kusikika hata sokoni, mzee alivimba kichwa kabisa.

Ndipo alipojitokeza Benedikto kumchumbia Avelina. Alikuwa kijana nadhifu, karani wa bohari la serikali, mwenye baiskeli na suruali iliyopigwa pasi. Avelina alimpenda. Alilikiri hilo mwenyewe, ingawa baadaye lilimtia kichefuchefu. Mzee alitoa sharti: hapokei posa mpaka kijana aweze kutaja kila kitu cha nyumba ile kwa Kijerumani, tena na der, die au das yake mbele.

"Siku wenyewe wakirudi," alisema, "sitaki mkwe wangu asimame kama gogo."

Benedikto alikubali, ila kwa kunong'ona. Bwana wake Mwingereza akisikia kwamba karani wake anajifunza lugha ya adui wa jana, kazi hana. Alimsihi mzee atunze siri, na mzee akaapa.

Basi kila Jumapili baada ya misa alikuja kuteseka. Wajerumani, kwa akili zao wenyewe, wamevigawa vitu vyote vya dunia: vingine vya kiume, ndiyo der; vingine vya kike, ndiyo die; vingine si huku wala si huko, ndiyo das. Kijiko ni dume, uma ni jike, kisu hakina upande.

"Sasa mtu atajuaje, Mwalimu?" aliuliza Benedikto, jasho likimtoka.

"Nani alikufundisha kusema kiti changu, meza yangu?" mzee alifoka. "Ulikariri ukiwa mgongoni mwa mama yako. Sasa mie ndiye mama yako. Kariri!"

Hakukariri. Kichwa chake kilikuwa pakacha, ukitia maji yanavuja. Mzee akachana vitambaa vya rangi za bendera ya mabwana zake wa zamani: cheusi cha der, chekundu cha die, cheupe cha das. Akavifunga nyumba nzima. Kinu kikavaa cheusi, taa na mlango vikavaa vyekundu, kitanda na dirisha vikavaa vyeupe. Jogoo alifungwa cheusi shingoni, akatoroka nacho mpaka uani kwa jirani.

Sasa mtu aliyeishi pwani miaka yote ile, asijue kwamba nyeusi, nyekundu na nyeupe ndizo nguo za mganga, amesoma nini huyo? Avelina alijiuliza hivyo kila alipopiga deki. Jirani yao Bi Samiha alikuja na jogoo kwapani, akauliza kwa sauti ya chini kama mzee huwapunga pepo Waislamu pia. Mzee alimfukuza kwa maneno makali, na Bi Samiha akaondoka akiamini kwamba huyo ni mganga mkubwa, maana wadogo hawana kiburi vile.

Siku ya posa Benedikto alitangulia mapema kwa mtihani wa mwisho. Alivitaja vitu vyote, akiibia macho kwenye vitambaa. Mwisho mzee akachukua cheupe, akamfunga Avelina mkononi.

"Na huyu?"

"Das Mädchen," alisema Benedikto.

"Yaani kwao binti naye hana upande, kama kisu?" aliuliza Avelina.

"Nyamaza. Ndivyo ilivyo." Mzee akamgeukia kijana. "Umefaulu."

Kabla hawajafungua kitambaa hata kimoja, wakasikia hodi. Mshenga amewahi. Alikuwa mjomba wake Benedikto, Mzee Marselino, tarishi mkuu wa bohari lile lile, aliyemwombea mpwa wake kazi na aliyempenda Mwingereza kuliko Mwingereza alivyojipenda. Aliingia akitabasamu, akaona kinu, akaona taa, akaona kitanda kule chumbani. Halafu akauona mkono wa Avelina. Tabasamu likakauka.

"Mama yangu! Mnatuoza mwari wa mashetani? Hii ni nyumba ya uganga!" Akamshika mpwa wake bega. "Beni, wewe ulijua?"

Wote wakamtazama Benedikto. Neno moja lingetosha: ni masomo yangu, mjomba. Mzee Leodegar alikuwa ameapa, kwa hiyo alibana midomo na kumtazama mwanafunzi wake kwa macho ya kuomba. Avelina aliliona lile neno likipanda kooni mwa Benedikto, akaliona likishuka tena tumboni.

"Mie sijui, mjomba," alisema. "Nimevikuta hivihivi. Hata mie nimeshangaa."

Avelina alidhani atalia. Hakulia. Upendo wake ulizimika kama makaa yaliyomwagiwa maji, na kilichobaki kilikuwa dharau tupu. Hili jitu ndilo amekuwa akilitengea nyama kila Jumapili?

"Mficha uchi hazai," alisema, "na mficha masomo haoi."

Akakifungua kitambaa cheupe kwa meno, akamwendea Benedikto, akamfunga mkononi, fundo juu ya fundo. Kijana hakuthubutu hata kuuvuta mkono.

"Baba," alisema Avelina, "nimepatia?"

Mwanamume ni der, cheusi; cheupe ni cha das, kisicho na upande. Hilo hata Benedikto alilijua tangu Jumapili ya kwanza, na mzee hakuwahi kumsamehe mtu kosa katika maisha yake yote. Alimtazama kijana kuanzia viatu mpaka utosini, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha.

"Umepatia, mwanangu," alisema.