Fuko Hawamo Katika Wasifu

Katika nchi ya Bondeni, kila mfalme mpya huandikiwa Wasifu: nchi ina wakazi gani, imetoka wapi, inatawaliwaje. Ukishasomwa barazani na kuitikiwa, umekuwa sheria. Asiyetajwa humo hana haki ya kunywa kisimani.

Nyati alipotawazwa, alimwita mwandishi wake, Nungunungu, akamtaka amalize kabla ya jua kuchwa. Haraka ya nini, hakusema. Raia walihesabiwa kwa desturi ya zamani: kila mmoja alikanyaga tope la ukingoni mwa kisima, nyayo zikahesabiwa. Fuko, wapitao chini kwa chini, wafalme wa awali walikuwa wakiwabishia hodi mashimoni. Safari hii hakwenda mtu. Waziri Ngiri alisema pasipo unyayo hapana raia. Alisema huku akitafuna, na baraza zima likaona ni hekima. Mimi naona ni uvivu tu.

Bibi Fuko, mkuu wa ukoo wake, akapanda barazani, macho yakimuuma kwa mwanga. Alikuwa na wajukuu kumi na mmoja, na maji yao ni ya kisima hicho hicho.

"Mtukufu, kisima hiki tulikichimba sisi. Mpaka leo ni sisi tunaozibua mishipa yake."

"Hayo yalikuwa kabla yangu," Nyati akajibu. "Historia ya Bondeni inaanza nilipotawazwa."

Nungunungu aliujua ukweli. Babake ndiye aliyeandika Wasifu uliotangulia. Hata hivyo akaandika alivyoambiwa. Baraza likaitikia, wengine hata kabla hajamaliza kusoma. Siku hiyo hiyo fuko walifukuzwa kisimani.

Hawakupigana. Walihamia nyuma ya kilima, wakachimba upya. Haukupita muda kisima cha Bondeni kikaanza kutoa tope, kisha kikakauka kabisa. Kila mmoja akamlaumu mwenzake. Swala wakahama, pundamilia wakafuata bila kuaga. Nyati, ulimi nje, akamtuma Nungunungu akawaite fuko warudi kazini.

Bibi Fuko alimpokea kwa adabu, akamkaribisha kivulini.

"Mwanangu, Wasifu si unasema hatupo?"

"Unasema hivyo, Bibi."

"Basi kamwambie Mtukufu umefika, hukukuta mtu."

Nyuma yake wajukuu walikuwa wakinywa maji. Nungunungu alikuwa na kiu ya siku tatu, akaona haya kuomba.