Nyuzi Mbili kwenye Ulimi wa Mnadi

Hospitali nzima ilimwita Mama Hadubini, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo, maana ni kweli kwamba alikaa na hadubini saa nyingi kuliko alizokaa na mume wake. Kazi yake ilikuwa kusoma nyama za watu. Mpasuaji akishatoa uvimbe, kipande kilitumbukizwa kwenye chupa ya dawa na kupelekwa maabara. Mama Hadubini alikikagua, akakikatakata, vipande vikazamishwa kwenye nta, vikachanwa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vikalazwa juu ya vioo na kutiwa rangi. Hapo ndipo alipoinama na kusema kama uvimbe ni saratani, na kama ni saratani, imefika wapi. Wagonjwa wenyewe hakuwaona. Alimjua mtu kwa ini lake au kwa tezi yake ya shingo, na wangeweza kupishana getini asimtambue. Alipenda iwe hivyo. Alizoea kusema kwamba nyama haina machozi, wenzake wakacheka, ingawa yeye hakuwa anatania.

Mpasuaji wa saratani za mdomo na shingo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wawili hao walitaniana mpaka watu wasiowajua wakadhani wanagombana. Kazini walikuwa na mapatano yao. Kipande cha nyama kikishatoka mwilini hakina mbele wala nyuma, kinaonekana kama mnofu wowote, kwa hiyo mpasuaji alikifunga nyuzi mbili kabla hakijaingia kwenye chupa: uzi mfupi mbele, uzi mrefu nyuma. "Mrefu nyuma, kama mkia," alikuwa akisema shemeji, na kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, mkia haukuwahi kumpotosha mtu.

Siku ulipoletwa ule ulimi, Mama Hadubini aliutoa kwenye dawa kwa koleo akaguna. Kilikuwa kipande cha ubavu wa kushoto, na katikati yake kidonda kigumu chenye kingo zilizovimba. Nyuzi zilikuwepo, ila zilikaribia kulingana. Alichukua rula akapima, akaona mmoja umeupita mwenzake kwa unywele. Pale ndipo alipopaswa kunyanyua simu. Mkono ulifika kwenye simu ukarudi, kwa sababu mara ya mwisho alipopiga kuuliza swali la namna hiyo, shemeji alilibeba hadi nyumbani na kulimwaga mezani mbele ya wakwe zake, kwamba shemeji yangu wa vioo siku hizi hajui mbele na nyuma. Ukweni kulichekwa wiki nzima. Basi akajiambia kwamba mrefu ni mrefu, hata kama ni kwa unywele. Akapaka wino mweusi upande wa uzi ule aliouita mrefu, wino wa buluu upande wa pili, akaanza kukata.

Majibu yalikuwa mazuri nusu. Tezi zote zilizotolewa shingoni zilikuwa safi, yaani ugonjwa ulikuwa haujaanza safari. Lakini kwenye ulimi wenyewe, chembe za saratani zilikuwa zimefika mpaka kwenye wino mweusi, maana yake mpasuaji alipitisha kisu katikati ya ugonjwa na kuacha mabaki mdomoni. Mama Hadubini akaandika kwamba ukingo wa nyuma una saratani. Shemeji akaisoma ripoti, akamwita mgonjwa, akampangia kurudi kukatwa tena, kwa nyuma.

Mama Hadubini alikuwa na tabia moja ambayo hakumfundisha mtu. Kioo chenye ugonjwa kina wapenzi wengi, kila daktari anataka kukiona, ila vioo safi hurudishwa kabatini bila kuangaliwa mara ya pili. Yeye aliviangalia. Ripoti ikishakwenda, alijimiminia chai, akavipitia vile visivyo na habari, polepole, kama mtu anayepepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Asubuhi ile alikuwa na vioo vya ulimi. Akaweka chini ya hadubini kioo cha wino wa buluu, kile cha mbele, kilichokuwa safi kabisa, na akaona mikunjo.

Ilikuwa mikunjo iliyosimama sambamba, na kwenye kuta zake vijifuko vya ladha vimejipanga kama vitunguu kwenye kamba. Mama Hadubini aliweka kikombe chini. Mikunjo ile haipo mbele ya ulimi. Haipo kwa mtu yeyote, awe mrefu au mfupi, awe mbea au bubu. Inakaa nyuma, ubavuni, karibu na koo.

Alifungua chupa akatoa mabaki ya kipande, akayaweka kwenye kiganja chenye glavu. Akakilaza: mgongo wenye kukwaruza juu, ngozi laini chini, jeraha la kisu likielekea katikati ya mdomo. Kisha akasimama mbele ya kioo cha dirisha akatoa ulimi wake mwenyewe, akaugeuza huku na huku, akilinganisha. Mfanyakazi mmoja aliyepita nje alimwona, akaharakisha mwendo. Kwa vyovyote alivyokilaza, ubavu wa kushoto ulikubali namna moja tu, na katika namna hiyo wino mweusi ulitazama mbele. Saratani ilibaki mbele, kwenye ncha. Na asubuhi hiyohiyo shemeji alikuwa anakwenda kukata nyuma.

Alitoka bila kuvua glavu. Mtu wa makamo, tena mwenye magoti yanayolalamika, hakimbii hospitalini, ila siku ile alikimbia. Aliyaona yote kabla hayajatokea: kipande kizima cha nyuma kikitolewa bure, kikiletwa kwake kwenye chupa, naye akikisoma na kuandika kwamba ni safi, na mama wa watu akirudishwa nyumbani akiwa amepona kwa karatasi, huku ugonjwa ukijikalia mbele kwa raha zake mpaka utakaposhuka shingoni.

Alipoingia kwenye ukumbi wa kusubiri upasuaji alisikia sauti, akasimama.

Sauti ile aliijua. Nyuma ya ukuta wa hospitali kulikuwa na uwanja wa mnada, na dirisha la maabara lilitazama huko. Kila siku ya mnada alikuwa akisikia mwanamke akinadi makabati, majiko na baiskeli zilizotumika, kwa sauti ya kokoto na asali, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kisha nyundo: ko. Alikuwa akifanya kazi kwa mdundo ule bila kujua. Wiki za karibuni mwanamume mmoja mwenye mafua ndiye aliyekuwa akinadi, na Mama Hadubini alinung'unika kwamba huyu ataua soko. Kumbe mwenye sauti alikuwa hapa, amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, maneno yamekuwa mazito kidogo upande mmoja, lakini ni yeye, anamchekesha muuguzi. Na ulimi wake ulikuwa kule maabara kwenye chupa.

Shemeji alikuwa anasugua mikono kwenye sinki. Mama Hadubini alimweleza kwa sauti ya chini. Shemeji alikataa kabla hajamaliza kusikiliza.

"Uzi mrefu nimeufunga nyuma kwa mkono wangu," alisema. "Shemeji, mimi na mkia hatujawahi kukosana."

"Leo mimi si shemeji yako. Nyama inasema mbele. Mgonjwa ukimlaza na kumkata nyuma, ujue nimekwambia."

Maji yaliendelea kutiririka. Ndipo muuguzi anayempa mpasuaji vifaa, mwanamke mtaratibu aliyesimama pale na mikono yake juu, alipouliza kama nyuzi zile zilikaribia kulingana urefu. Wakamgeukia. Akaeleza polepole, huku akijisikiliza mwenyewe, kwamba mpasuaji akifunga fundo kazi yake yeye ni kukata mkia wa uzi. Fundo, kata, fundo, kata, siku nzima. Siku ile ilikuwa ndefu. Mpasuaji alifunga ule wa nyuma, akageuka kuomba chupa, na mkasi ulikuwa tayari mkononi.

"Nadhani niliukata, daktari," alisema. "Sikumbuki kuukata. Ila sikumbuki kuuacha."

Mazoea yana taabu. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyelala kazini. Mmoja alifunga kama alivyozoea, mmoja alikata kama alivyozoea, na wa tatu akaogopa kuchekwa. Shemeji alifunga maji. Utani ulimtoka usoni, akaonekana mzee kuliko umri wake. Alitaka kwenda kumwambia mgonjwa, lakini Mama Hadubini akamzuia. Ripoti ilikuwa yake, simu ambayo haikupigwa ilikuwa yake, na atakayesema ni yeye.

Hakuwahi kufanya hivyo maishani. Alisogea kitandani akiwa na glavu zake zenye harufu ya dawa, asijue pa kuweka mikono. Mnadi alikuwa mama wa rika lake, mwenye mashavu mapana na kitambaa cha hospitali kichwani. Mama Hadubini alimwambia yeye ndiye anayesoma vipande, na kwamba alikosea. Alimweleza habari ya nyuzi, bila kumtaja muuguzi na bila kujitetea. Akamwambia ugonjwa uliobaki uko mbele, na kwamba ukikatwa mbele, ncha inaondoka.

Mnadi alikuwa ameambiwa kwamba akikatwa nyuma atasumbuka kumeza tu, akafurahi, akasema kula atajifunza upya kama mtoto, mradi mdomo umebaki, maana mdomo ndio duka lake.

"Nikikataa?" aliuliza.

"Utanadi kwa muda. Halafu itashuka shingoni, na hapo sitakuwa na habari njema ya kukupa."

"Na nikikubali, nitasema?"

"Utasema, mama. Watakuelewa wa nyumbani kwanza, wengine baadaye. Kunadi, sijui. Nikikwambia ndiyo nitakuwa nimekosea mara ya pili."

Macho ya mnadi yalijaa, na ya Mama Hadubini pia, akagundua kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akisema uongo: nyama ina machozi, ila yeye alikuwa anakaa mbali nayo. Mnadi alijifuta kwa kiganja. Akasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Akaomba fomu mpya, akaiwekea saini, kisha akaomba dakika moja kabla ya kuchomwa sindano ya usingizi, na shemeji akasema achukue hata mbili.

Akajiinua kwenye kiwiko. Sauti ilijaza ukumbi, ikatoka mlangoni, na wagonjwa wa kwenye benchi wakanyanyua vichwa.

"Haya, mabibi na mabwana, ninayo hapa ncha ya ulimi. Imetumika, lakini haijawahi kukopwa. Imelisha watoto, imejenga nyumba, imemtukana mwenye nyumba mara moja tu na alistahili. Nani ananipa uhai kwa ncha hii? Mara ya kwanza." Alimtazama Mama Hadubini. "Mara ya pili."

Wakasubiri. Mnadi akajilaza tena kwenye mto.

"Ya tatu bado," alisema. "Siuzi kabla sijaona malipo ya mnunuzi. Ukiniletea jibu kwamba ni safi, ndipo tutafunga bei. Uje wewe mwenyewe, usitume karatasi."

Walimkata mbele. Safari hii shemeji hakuuamini uzi wowote. Alikibana kipande kwa pini juu ya ubao, akakileta maabara mwenyewe akiwa bado na gauni la upasuaji, akasimama hapo mpaka Mama Hadubini alipomaliza kupaka wino, akimwonyesha kwa kidole kwamba huku ndiko mbele. Hakutania hata kidogo. Alipokuwa anatoka alisema kwamba nyumbani atalisimulia mwenyewe, lote, na kwamba siku nyingine akipigiwa simu atajibu kama mtu mzima. Mama Hadubini akamjibu kwamba hilo ataliamini akiliona.

Nta ikaganda, vioo vikatoka. Alivisoma vyote, vya katikati na vya kingo, vyenye wapenzi na visivyo na wapenzi. Chembe za saratani zilikuwepo katikati ya kipande, palepale nyama iliposema, na kuzunguka pande zote kulikuwa na nyama safi ya kutosha mpaka kwenye wino. Akavisoma tena. Kisha akavua koti la maabara, akaona doa, akavaa lingine, akaenda wodini akiuliza njia kama mgeni.

Mnadi alikuwa amekaa kitandani, uso umevimba, mrija puani. Binti yake alikuwa pembeni na bakuli na kijiko, akamweleza mgeni kwamba mama amekatazwa kusema chochote mpaka kidonda kitulie, na kwamba hajawahi kuona nyumba yao kimya namna hii. Mama Hadubini akavuta kiti. Alisema kwa sauti ya kawaida, ili asije akalia, kwamba kingo zote ni safi: mbele, nyuma, juu, chini.

Machozi yakamshuka mnadi, hakuyafuta. Akanyoosha mkono, akachukua kijiko kutoka kwa binti yake, akakigeuza kushika upande wa bapa. Akainua kidole kimoja. Akainua viwili. Akainua vitatu, kisha akapiga chuma cha kitanda kwa mpini wa kijiko, mara moja: ko.