Shuka la Kwanza Limekauka

Miaka ishirini nilikuwa dobi kwenye mji wa mvua, nikigombana na mawingu kama wake wenza. Mwezi uliopita nikahamia huku jangwani kusoma chuo, peke yangu, na miaka yangu arobaini na mitatu.

Dada yangu mkubwa hajaafiki mpaka leo. Jumamosi asubuhi alinipigia simu nikiwa uani naanika mashuka yangu.

"Mdogo wangu, huna mume, huna mtoto. Nani anakusaidia huko?"

"Anisaidie nini?"

"Hata kuanua nguo mvua ikija!"

Nilicheka mpaka kibanio kikanitoka mdomoni. Nilikuwa nabana shuka la mwisho. Nikagusa la kwanza, limekauka kau. Kwetu lingekaa siku tatu likinuka uvundo, nami nalizunguka kama nauguza mgonjwa.

"Dada, mvua ya wapi? Hata saa tatu haijafika, nimeshamaliza kazi."

"Sasa siku nzima utafanya nini?"

Tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikavuta kiti kivulini, nikafungua kitabu.