Shukrani kwa Mtu wa Majimbo

Kulikuwa bado giza Lenah aliposikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa mezani taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto. Akajua ni mwanawe Riungu, anachemsha chai na hataki kumwamsha. Alibaki kitandani akiusikiliza upole ule, moyo wake umetulia. Riungu alikuwa amefika jana yake kutoka mjini ili ampeleke kwenye harambee. Mkewe Kagure na mtoto wao Kendi walikuwa Kiambere, alisema, wakimuuguza mama yake Kagure.

"Mama, sukari kidogo au nyingi?" aliuliza mlangoni.

"Weka unavyoniwekea siku zote."

Harambee ilikuwa ya kununulia vitanda na blanketi za nyumba ambamo akina mama na watoto waliokimbia vipigo walikuwa wakikaa kwa muda, mpaka wapate pa kwenda. Ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, karibu na soko la Gakoromone. Mwalimu Felicitas, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amemwomba Lenah atoe shukrani za mwisho. Lenah hakusahau wema wa mtu. Hata aliyemshikia mwavuli mwaka juzi alimkumbuka kwa jina.

"Washukuru wote, Mama Riungu," Felicitas alimnong'oneza. "Lakini nyumba iko wapi, usiseme. Wapo wanaowasaka."

"Nyumba sitaitaja," Lenah akajibu, na alimaanisha.

Watu walileta walichokuwa nacho, kikapigwa mnada. Muthamia, muuza viazi, ndiye aliyeshika kipaza sauti.

"Kuku huyu amekuja kanisani bila kufungwa kamba," alisema. "Ni wangapi humu wamekuja hivyo?"

Watu wakacheka. Riungu akamnunua kuku, akamrudisha auzwe tena, akamnunua mara ya pili. Makofi yakalia.

"Mama Riungu, huyu ulituzalia sote," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma. Lenah akainamisha uso, furaha imemjaa.

Zamu yake ilipofika, alianza na wapishi, akaja kwa waliobeba viti. Kwao, mtoaji hushukuriwa kwa jina lake na mahali anakokaa. Ukitaja jina ukaacha mahali, ni kama umempa mkono ukaurudisha kabla hajaushika. Kwa hiyo hakuruka mtu.

"Na yuko mmoja ambaye hayupo hapa," alisema. "Ni Ali, mwenye bucha kule Majimbo, Embu. Alitoa vyumba vyake vilivyo nyuma ya bucha, akakataa kodi. Mungu ambariki, yeye na mkewe Rahema."

Hakuna aliyepiga makofi. Felicitas alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Lenah alimtazama, asielewe, kisha akaelewa. Nyumba hakuitaja. Alikuwa amemtaja mwenye nyumba na mahali pake.

Riungu alikuja mbele, kuku kwapani, akamshika mama yake kiwiko ili asiteleze kwenye ngazi.

"Mama, bucha ya huyo Ali iko upande gani wa Majimbo?"

"Unaiulizia nini?"

"Kagure yuko huko. Nilijua amekimbilia nyumba hiyo, nilikuwa sijui iko wapi."

"Uliniambia yuko Kiambere."

"Ningekwambia nini? Kwamba mke amenitoroka?" Hakupandisha sauti. Ilikuwa sauti ile ile iliyouliza habari za sukari. "Nimemtafuta wiki zote hizi. Leo nitamleta. Mkono wenyewe utakuwa umeshapona."

Mkono. Lenah alimtazama mwanawe usoni, uso aliouosha tangu utotoni, akatafuta humo mtu mwingine na hakumwona. Alikuwa ni huyu huyu. Kiwiko chake mwenyewe kilikuwa bado kimeshikwa kwa upole. Akakivuta.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake.

"Watu wangu," alisema, na sauti yake ikasikika ukumbi mzima. "Mmoja wa wale waliokimbia ni mke wa mwanangu. Nimejua sasa hivi. Mwanangu ni huyu, na anataka kwenda huko. Nawaomba asitoke mpaka wale watoto wahamishwe."

Muthamia akaenda, akafunga mlango, akarudi kwa Riungu pamoja na wanaume wengine.

"Kaa, kijana," alisema. "Kuku wako hujamlipia."

"Mama," Riungu akasema, "unaniaibisha mimi?"

Felicitas alikuwa tayari nje na simu. Rahema aliipokea, na kabla jua halijatua, Ali alikuwa amewahamisha wote.

Baada ya siku kadhaa Felicitas alimpeleka Lenah kuwaona. Njiani Lenah hakuuliza wanakoelekea. Alitazama mikono yake tu.

Kagure alikuwa jikoni, mkono bado ndani ya plasta, akijaribu kumenya viazi kwa mmoja. Lenah akachukua kisu.

"Ni mimi niliyesema, Kagure. Kwa kinywa changu."

"Najua. Na najua ni nani aliyewaomba watu wamzuie."

"Kwa nini hukuniambia mapema, mwanangu?"

"Kila nikija kwako nilikukuta unamsifu, mama. Ningeanzia wapi?"

Kisu kilisimama mkononi mwa Lenah. Akawakumbuka majirani wote aliowasimulia juu ya chai ya Riungu, na Kagure ameketi pale pale, ametulia, akisikiliza. Hakulia. Akaendelea kumenya.

Viazi vilipoiva, Kendi alipanda mapajani mwa Lenah. Akala kimoja, akanyoosha mkono apewe kingine. Kagure aliacha kula akamtazama.

Saa ya kuondoka, Kagure alimfuata mpaka mlangoni.

"Tangu tutoke nyumbani Kendi alikuwa hali chakula," alisema. "Uje tena, mama. Jumamosi, ukiweza."